Panda mululuza uani, lakini usiufanye daktari

Mvua za Machi zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza wakati dada mmoja wa Eldoret, ambaye huja Kampala kila baada ya majuma matatu kununua vitenge, alipobisha hodi kwenye lango letu hapa Kisaasi. Alikuwa amejifunga leso kichwani na sweta juu ya gauni, ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

"Mwalimu, samahani kwa kukusumbua. Hicho kichaka cha maua meupe kinaitwaje? Jana jioni nimepita hapa harufu yake ikanisimamisha."

Nikamwambia kinaitwa mululuza. Uso ukamchangamka.

"Kumbe ndio huu! Mwenye gesti ninayolala ameniambia unatibu malaria. Naomba majani kidogo tu, mwili unaniuma tangu juzi na usiku natetemeka."

Nilimjibu kwamba majani nitampa, kwani jirani hanyimwi kitu kinachoota bure, lakini kwanza twende kituo cha afya akapimwe. Aliniangalia kama mtu aliyenyimwa maji ya kunywa.

"Mwalimu, kwani wewe huamini dawa za kwetu?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kichaka hiki nimekipanda kwa mikono yangu. Nakipogoa, nakimwagilia, na kila atakayeniomba kipande nitamkatia. Lakini ninajua pia kilichotokea katika familia yetu tulipokitegemea kwa kazi isiyo yake. Ndugu zangu mliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ughaibuni, na ninyi mnaovuka Busia, Malaba, Katuna au Mutukula kila wiki kutafuta riziki, hili linawahusu kuliko wenyeji.

Kwanza tuutambue mmea wenyewe. Mululuza ni jina la Kiganda. Uliyelelewa Ankole unaujua kwa jina la omubirizi, na waliotoka Rwanda huuita umubirizi. Wahaya wa Bukoba husema omubilizi, na Wajaluo huuita olusia. Wataalamu wa mimea wameuita Vernonia amygdalina kwa miaka mingi, na siku hizi baadhi yao huuandika Gymnanthemum amygdalinum. Jina hilo la pili, amygdalina, linatokana na mlozi, kwa sababu majani ya miti hiyo miwili yanafanana.

Uko katika jamii moja na alizeti, ingawa ukiutazama kwa mbali hutadhani. Alizeti ina ua moja kubwa lenye duara la manjano. Mululuza una mamia ya vichwa vidogo vyeupe, pengine vyenye rangi ya zambarau kwa mbali, vilivyokusanyika kwenye ncha za matawi kama povu. Harufu yake ni tamu na huzidi jioni. Nyuki hawabanduki. Kwa kawaida kichaka hufikia urefu wa mita 2 hadi 5, na kikiachwa bila kukatwa huweza kuwa mti kabisa. Majani yake ni ya kijani kibichi, marefu hata sentimita 20, na hapa Kampala, ambako mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, hayapukutiki yote kwa pamoja. Mwaka mzima uzio wako ni wa kijani.

Kwa ukali wake, ukitafuna jani moja utasumbuka nusu saa kutafuta sukari. Hata hivyo watu wa Afrika Magharibi wameufanya kitoweo. Waigbo wa Nigeria huuita onugbu na huyasugua majani kwa maji mara kadhaa mpaka uchungu upungue, kisha hupikia mchuzi. Watu wa Kamerun huyapika na karanga, na chakula hicho, ndolé, ndicho wanachojivunia mbele ya wageni. Huko Ethiopia huitwa grawa na majani hutiwa katika pombe ya kienyeji iitwayo tella. Kwa hiyo ukiupanda uani hujapanda magugu. Umepanda mmea wenye heshima katika nusu ya bara hili.

Kuupanda si kazi ngumu, na huna haja ya kununua mche. Mwombe jirani tawi lililokomaa, lenye unene wa kidole gumba na rangi ya kahawia, si lile laini la kijani. Kata vipande vya urefu wa kama sentimita 30, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne. Upande wa chini ukate mshazari ili usije ukausahau ukapanda kichwa chini miguu juu, kosa ambalo wanafunzi wangu hulifanya kila mwaka. Ondoa majani, acha mawili ya juu tu. Chomeka ardhini mpaka nusu ya kipande iingie, kikiwa kimeinama kidogo, kisha kanyaga udongo pembeni usiache nafasi ya hewa.

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, yaani Machi au Septemba. Ukipanda kiangazi, mwagilia kila siku mbili mpaka uone machipukizi. Udongo wetu mwekundu wa Kampala unaufaa, ila usipande mahali ambapo maji husimama, kama kule mabondeni. Kama unataka uzio, acha kama nusu mita kati ya kipande na kipande. Kama unataka kichaka kimoja cha kupendeza, kipe mita 2 kila upande na usikiweke karibu na dirisha, maana mbegu zake zina manyoya mepesi na upepo utazileta hadi kwenye sahani yako.

Sasa hapa wengi hukosea. Wanapanda kwa ajili ya maua, kisha kila mwezi wanapogoa ili uzio uwe umenyooka kama ukuta. Halafu wanauliza kwa nini mululuza wao hautoi maua. Maua ya mmea huu hutoka kwenye ncha za matawi. Ukikata ncha, umekata maua. Mimi hupogoa upande mmoja wa uzio, nauacha upande wa pili uchanue, kisha nabadilisha. Maua yakishakauka, katisha matawi yake usawa wa kifua kabla mbegu hazijapeperuka, nao utachipua tena. Usiogope panga. Mululuza hukatwa mpaka kisiki na ukarudi. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

Familia yetu ilikimbia Uganda mwaka 1981, vita vya Luwero vilipoanza. Baba alituvusha Busia nikiwa mtoto wa miaka mitatu, tukaishia Nakuru. Huko ndiko nilikosoma, ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachowaandikia, na ndiko alikozaliwa mdogo wangu mwaka 1985. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku kuna baridi. Malaria tuliisoma darasani zaidi ya kuiugua.

Tulirudi mwaka 1994. Jajja, mama yake baba, alikuwa amebaki hapa Kisaasi miaka yote hiyo akilinda kiwanja, na kwenye kona ya uwanja wake palikuwa na mululuza mkubwa uliozidi urefu wa mlango. Alitupokea kwa machozi na vigelegele. Juma la tatu, mdogo wangu akapata homa.

Jajja hakubabaika. Alichuma majani, akayatwanga, akayachanganya na maji, akamnywesha nusu kikombe asubuhi na nusu jioni. Siku ya kwanza mtoto alitoka jasho na joto likashuka. Akaomba hata chai. Jajja akamwambia baba, "Umeona? Ninyi watu wa Kenya mnakimbilia sindano kwa kila kitu." Siku ya pili homa ikarudi, naye akaongeza kipimo. Usiku wa tatu mtoto akakakamaa mikono, macho yakageuka, akaanza degedege.

Baba alimbeba hadi barabarani, jirani mwenye gari akatukimbiza hospitali. Walimtundikia dripu ya kwinini. Kwa siku mbili hakumjua mama yake. Siku ya tatu alifumbua macho akaomba maji. Yu hai hadi leo, ana watoto wake watatu, lakini sikio lake la kushoto halisikii tangu juma lile.

Tuliporudi nyumbani, baba alichukua panga akaukata ule mululuza mpaka ukabaki kisiki cha urefu wa goti. Hakuna aliyemzuia. Jajja alikaa kibarazani akitazama. Baadaye, baba alipokwisha kuingia ndani, aliniambia jambo ambalo sijalisahau:

"Mjukuu wangu, mti huu umenitibu mimi tangu nikiwa msichana. Umemtibu na baba yako mwenyewe. Kwa nini umemkataa huyu mtoto?"

Nilikuwa na miaka 16 na sikuwa na jibu. Mvua zilipokuja, kisiki kilichipua. Jajja alikata vipande viwili akavipanda upande wa pili wa kiwanja, ambako baba hakuwa akipita sana. Uzio wangu wa leo umetokana na vipande hivyo.

Jibu la swali la jajja nilikuja kulielewa baada ya kuwa mwalimu, na nalieleza kila mwaka darasani. Mti haukumkataa mtoto. Tofauti ilikuwa katika miili. Mtu anayeishi miaka yote mahali penye malaria huumwa na mbu tena na tena, na akivuka salama miaka ya utotoni, mwili wake hujenga kinga ya kiasi fulani. Haimzuii kuambukizwa, lakini mara nyingi huzuia ugonjwa usiwe mkali. Jajja alipokunywa mululuza akapona, sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na kinga yake mwenyewe. Mdogo wangu alizaliwa na kukulia kwenye baridi ya Nakuru. Hakuwa na kinga hiyo hata chembe.

Tena kinga hii haikai milele. Mtu mzima aliyeondoka Kampala akaishi miaka mingi London, Toronto au Nairobi hurudi akiwa ameipoteza kwa kiasi kikubwa, ingawa yeye hujiona mwenyeji na hujisemea, "Malaria? Hiyo nimeizoea tangu utotoni." Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa malaria mambo ni kinyume: mwenyeji hupona, mgeni akazikwa.

Je, mululuza hauna dawa ndani yake kabisa? La hasha. Mwaka 1987, katika hifadhi ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde, mtaalamu wa misitu ile, walimfuatilia sokwe jike mgonjwa aliyeitwa Chausiku. Hakuwa akila kama kawaida na alilala sana. Walimwona akivunja tawi changa la mululuza, akamenya ganda, akatafuna kiini chake na kufyonza maji machungu. Mzee Seifu, aliyekuwa Mtongwe, aliutambua mara moja: kwao huitwa mjonso na ni dawa. Kesho yake sokwe alikuwa amepata nguvu. Tangu hapo wanasayansi wameuchunguza sana na kukuta ndani yake kemikali chungu zenye uwezo juu ya minyoo na vimelea vingine.

Lakini kuwa na dawa ndani si sawa na kuwa tiba. Hapa hapa Uganda ulifanyika utafiti, ukachapishwa mwaka 2009, ambapo wagonjwa wenye malaria isiyo kali walipewa maji ya majani mabichi ya mululuza. Kiasi cha theluthi mbili yao walipata nafuu. Ukiishia hapo utashangilia. Walipopimwa damu, hata hivyo, ni sehemu ndogo tu ya hao waliopata nafuu ambao vimelea vilikuwa vimetoweka kabisa, na kwa wengi wao vikaja vikarudi. Ndivyo hasa ilivyokuwa kwa mdogo wangu. Siku ya kwanza alitoka jasho na kuomba chai, huku vimelea vikiendelea kuzaana. Ile nafuu ndiyo ilituchelewesha.

Jambo la kufurahisha ni kwamba jamii hii ya alizeti haikutuacha mikono mitupu. Pareto, inayolimwa Kenya, Tanzania na hata kwetu Kigezi, ni ya jamii hiyo, na hutumika kutengeneza dawa za kuua mbu. Na ule mmea wa Kichina, Artemisia annua, nao ni wa ukoo huo huo. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, ndiye aliyeongoza kazi ya kutoa kemikali yake mwaka 1972, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mseto tunazopewa leo, ambazo Uganda ilizichagua kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2004, zina kiungo hicho. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba vidonge ni mambo ya kigeni na majani ndiyo yetu, mwambie vidonge navyo vilianzia kwenye majani. Tofauti ni kwamba kiasi chake kimepimwa.

Na kwa kuwa kimepimwa, kimalize. Dawa mseto ya artemether na lumefantrine humezwa mara sita kwa siku tatu, vizuri zaidi pamoja na chakula chenye mafuta. Usiishie siku ya pili kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi kwamba kaskazini mwa Uganda wameanza kuonekana vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa hizi. Tukizichezea, zitatuponyoka.

Kwenu wafanyabiashara nina neno la ziada. Malaria haianzi siku uliyoumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi kabla ya homa. Unaweza kulala Kampala usiku mmoja bila chandarua, ukarudi Eldoret au Nakuru ukiwa mzima, ukaanza kuugua wiki ya pili huko juu ambako mhudumu hafikirii malaria. Mwambie mwenyewe, "Nilikuwa Uganda." Maneno hayo mawili yanaweza kukuokoa. Na mkiona mtoto au mtu mzima ana degedege, amechanganyikiwa, anapumua kwa shida, mkojo una rangi ya chai ya rangi, au anatapika kila anachomeza, msitafute jani wala kidonge. Tafuteni gari.

Wajawazito pia wasinywe mululuza bila ushauri, kwa maana baadhi ya wakunga wa jadi huutumia kuharakisha uchungu. Wanaotumia dawa za kisukari nao wawe waangalifu, kwani katika majaribio ya wanyama umeonekana kushusha sukari mwilini.

Turudi kwa dada yetu wa Eldoret. Twende tukaenda. Katika kituo cha afya cha serikali walimtoboa kidole, na kabla ya nusu saa mistari miwili ikatokea kwenye kipimo: malaria. Alipewa dawa bila malipo, akaimeza ya kwanza pale pale kwa maziwa tuliyonunua barabarani. Siku tatu baadaye alibisha hodi tena, mara hii bila sweta.

"Mwalimu, nimepona. Sasa nipe majani yangu uliyoniahidi."

Tulicheka. Nilimpa, akayachemsha akanywa kikombe kimoja mbele yangu, uso umekunjamana kama mtoto. Kisha akaniomba kipande cha kupanda kwake. Hapo nilimkumbusha kitu anachokijua kuliko mimi: mimea haivushwi mpakani kiholela, inataka cheti cha ukaguzi. Tena hana haja ya kuhangaika. Upande wa Kenya umejaa tele. Awaulize mama wa Kijaluo sokoni habari za olusia, watamwonyesha.

"Nitaupanda karibu na lango," alisema. "Kwa ajili ya ile harufu ya jioni."

Jajja alifariki mwaka 2003. Kisiki alichokikata baba bado kipo kwenye kona ile, kimekuwa mti, na wiki hii kinachanua. Mdogo wangu huja Jumapili na watoto wake. Wanacheza chini yake mpaka jioni, kisha tunawaita ndani kabla mbu hawajaanza, na kila kitanda kina chandarua.